Punje za kopolima bloku: leza, eksirei au hadubini?

Mwanafunzi wa uzamili anayeshughulika na polima pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akifika kwenye sura ya muundo wa punje, huja na swali moja: "Nitumie mashine gani?" Mashine ije baadaye. Kwanza useme unataka kujua nini kuhusu punje zako, yaani yale maeneo madogo ndani ya sampuli ambamo mpangilio umeelekea upande mmoja. Ukubwa wa wastani? Umbo? Mpangilio ulio ndani yake? Au namna punje moja inavyokutana na jirani yake? Kila swali lina chombo chake, na chombo kinachojibu moja vizuri huwa kiziwi kwa jingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama kopolima yako ni ya tabaka au ya silinda, anza na leza na polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaoyumba upande mmoja tu), na hiyo ndiyo iwe kazi yako ya kila siku. Eksirei itumie mara chache, kuthibitisha mpangilio. Hadubini ya elektroni iwekee akiba kwa swali ambalo leza haiwezi kulijibu.

Punje ni nini hasa

Kopolima bloku ni mnyororo wa molekuli uliounganishwa kutoka vipande vya polima tofauti, kwa mfano polistairini upande huu na poliisoprini upande ule. Vipande hivi havipatani na vingependa kutengana kabisa, ila kifungo cha kikemia kinavizuia. Matokeo yake vinatengana kwa umbali wa makumi ya nanomita tu: tabaka juu ya tabaka, silinda zilizojipanga kwa pembe sita, tufe, au ule mtandao uliosokotana uitwao jairoidi. Mwaka 1980 Ludwik Leibler alionyesha kwamba kwa mnyororo wa vipande viwili vilivyo sawa, utengano huanza pale kipimo cha kutopatana kikizidishwa kwa urefu wa mnyororo kinapofika takriban 10.5. Chini ya hapo kila kitu kimechanganyika.

Mpangilio huo hauanzii mahali pamoja. Huchipuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kila sehemu na mwelekeo wake, halafu sehemu hizo hukua mpaka zikagongana. Eneo ambalo tabaka zake zote zimeelekea upande mmoja ndilo punje. Tabaka hupimwa kwa makumi ya nanomita, punje kwa maikromita, na pengo hilo la mara mia na zaidi ndilo linalofanya chombo kimoja kisitoshe.

Wala si udadisi wa darasani tu. Kwenye elektroliti za betri za lithiamu zinazotengenezwa kwa polistairini na polietilini oksaidi, kundi la Nitash Balsara huko Berkeley, Marekani, lilionyesha kwamba punje zikikua, uwezo wa kupitisha ayoni hushuka. Yaani ukiipika sampuli muda mrefu ili "iwe nzuri", unaweza kuwa unaiharibu.

Leza na polaraiza mbili

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue sampuli moja ya mfano tuipitishe kote: polistairini na poliisoprini nusu kwa nusu, tabaka zinazojirudia kila nanomita 20, punje za maikromita 5, diski yenye unene wa milimita 1.

Kwenye meza unapanga leza nyekundu ya heli-neoni (nanomita 632.8), polaraiza ya kwanza, sampuli, polaraiza ya pili iliyogeuzwa nyuzi 90, kisha skrini au kamera. Bila sampuli, skrini ni giza. Ukiweka kopolima iliyopashwa moto hadi mpangilio wake ukavunjika, bado ni giza. Ukiweka ile yenye tabaka zilizojipanga, mwanga unapenya.

Unapenya kwa sababu tabaka hazitendei mwanga sawa pande zote. Kipimo cha mpindo wa mwanga cha polistairini ni 1.59 hivi, cha poliisoprini 1.52. Ukizipanga kwa tabaka nyembamba, mwanga unaoyumba sambamba na tabaka hukutana na kipimo kikubwa kidogo kuliko mwanga unaoyumba kwa kuzikata. Piga hesabu, tofauti inatoka karibu 0.0016. Ni ndogo kweli. Punje moja ya maikromita 5 inachelewesha upande mmoja wa mwanga kwa nanomita 8 tu, na hata ikikaa katika mwelekeo mzuri kuliko yote inapitisha kama asilimia 0.16 ya mwanga. Ila diski yetu ina punje 200 hivi zilizofuatana kwenye njia ya mwale, kila moja na mwelekeo wake. Ukichukua wastani wa mielekeo yote, mwanga unaopita polaraiza ya pili unafika karibu asilimia 8. Huo unauona kwa macho kwenye karatasi nyeupe, hata kama pazia la maabara halifungi sawasawa.

Kiasi cha mwanga huo hukua sambamba na ukubwa wa punje, unene wa sampuli, na mraba wa ile tofauti ya mpindo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanapima mwanga, wanachukua tofauti ya mpindo kutoka kwenye makala ya mtu mwingine aliyetumia polima yenye uwiano mwingine, wanatoa ukubwa wa punje. Kosa dogo kwenye tofauti hiyo linapanda kwa mraba, na ukubwa wa punje unatoka hewa tupu.

Njia iliyo salama zaidi ni kuangalia mwanga umetawanyika kwa upana gani. Punje ndogo hutupa mwanga mbali na mwale, punje kubwa hutupa karibu. Kwa punje za maikromita 5, mwanga husambaa kwa nyuzi 1 na kidogo. Skrini ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye sampuli, hiyo ni milimita 6 kutoka katikati. Punje za maikromita 1 husambaza karibu nyuzi 6, yaani sentimita 3 kwenye skrini hiyohiyo. Punje za maikromita 20 zinakupa milimita 1.5, na hapo doa la mwale wenyewe limeshaufunika mtawanyiko. Dawa yake ni kusogeza skrini hadi mita 2, upate kama sentimita 1. Upana huu hauhitaji kabisa kujua tofauti ya mpindo, na ukishapata ukubwa wa punje kutokana na upana, kiasi cha mwanga kinakuambia jambo la pili: ni sehemu gani ya sampuli imeshajipanga na ipi bado.

Umbo nalo linaonekana. Mchoro kwenye skrini ukiwa duara safi, punje hazina upande mrefu. Ukitoa majani manne, urefu wa punje kwa kufuata mhimili wa tabaka haulingani na upana wake, na unaweza kuvipima vyote viwili kwa kulinganisha mwanga wa kwenye jani na wa katikati ya majani. Picha ya majani manne ilishazoeleka tangu Stein na Rhodes walipopiga picha za mtawanyiko wa filamu za polithini mwaka 1960. Miaka ya 1990 Balsara na Bruce Garetz wakaijengea nadharia inayofaa punje za kopolima bloku. Tahadhari moja: fomula ya Stein yenye namba 4.1 inahusu zile duara za fuwele zinazoota kwenye polithini, ambazo mhimili wake unaelekea katikati ya duara. Ukiitumia kwa punje za tabaka utapata namba yenye sura nzuri isiyo na maana yoyote. Nimeiona kwenye tasnifu zaidi ya moja.

Faida ambayo vyombo vingine haviikaribii ni wingi na kasi. Mwale wa milimita 1 ukipita kwenye diski yetu unagusa punje zaidi ya milioni 6 kwa mkupuo, na kamera inachukua picha kila sekunde. Ukiweka sampuli kwenye kitanuri, ukaipasha hadi mpangilio uvunjike, kisha ukashusha joto, unatazama punje zikizaliwa na kukua hapohapo. Joto la kuvunjika mpangilio lenyewe linajitangaza: mwanga unazimika.

Mapungufu yake hayafichiki. Tufe na jairoidi ni mipangilio ya mchemraba, mwanga unaziona sawa pande zote, kwa hiyo skrini inabaki giza hata kama punje ni kubwa na nzuri. Tena giza hilo linafanana kabisa na giza la sampuli isiyo na mpangilio. Leza pekee haikutofautishii. Sampuli yenye masizi, chokaa au rangi haifai. Polima inayoganda fuwele, kama polietilini oksaidi ikipoa, inatawanya mwanga wake yenyewe na kufunika wa punje. Na punje zikiwa kubwa mno kwenye sampuli nene, mwanga unatawanywa mara ya pili na ya tatu kabla haujatoka: kwa punje za maikromita 20 kwenye milimita 1, hesabu ileile inakupa zaidi ya theluthi ya mwanga, na hapo nadharia imeshakuacha njiani. Punguza unene hadi milimita 0.2, utashuka chini ya asilimia 7.

Eksirei za pembe ndogo

Eksirei hujibu swali ambalo leza haigusi: ndani ya punje kuna nini. Sampuli hutawanya eksirei kwa pembe ndogo, na kwenye mchoro wa mtawanyiko huo kuna vilele. Vilele vikija kwa uwiano wa 1, 2, 3, una tabaka. Vikija 1, mzizi wa 3, 2, mzizi wa 7, una silinda. Kwa kilele cha kwanza unapata umbali wa kujirudia bila ubishi. Jairoidi na tufe, ambazo leza imeziacha gizani, hapa zinajulikana kwa majina yao.

Ukubwa wa punje ndipo pagumu. Watu hupima upana wa kilele na kutumia fomula ya Scherrer, inayosema kilele kikiwa chembamba punje ni kubwa. Kwa sampuli yetu, punje za maikromita 5 zingefanya kilele kiwe na upana wa asilimia 0.4 tu ya mahali kilipo, wakati mashine za kawaida za maabara hupanua kilele zenyewe kwa asilimia kadhaa. Unachopima ni mashine, si punje. Ukiona tasnifu inasema punje zote, za kila joto na kila muda wa kupika, zina nanomita mia kadhaa, shuku hilo kwanza. Pete iliyojaa madoadoa badala ya kuwa laini ni dalili kwamba punje ni kubwa, ila dalili si kipimo.

Hapa nyumbani, jambo linaloamua ni upatikanaji. Afrika nzima bado haina sinikrotroni, ile mitambo mikubwa inayotoa eksirei kali. Ya karibu katika ukanda wetu ni SESAME ya Jordan, iliyozinduliwa mwaka 2017. Uzuri ni kwamba diski ya milimita 1 inasafiri ndani ya bahasha, na swali la eksirei unaliuliza mara moja kwa kila polima, si kila siku. Tafuta mshirika mwenye mashine, mpe sampuli zote kwa pamoja, zikiwa zimeandikwa vizuri.

Hadubini ya elektroni

"Dokta, kwani wahakiki si wanataka picha?"

"Wanataka, bwana. Sasa niambie, kwenye picha hiyo unaona punje ngapi?"

Kimya kinachofuata ndicho ulinganisho wenyewe. Picha yenye upana wa maikromita 5 inaonyesha punje moja, pengine na mipaka miwili. Kupata wastani unaosimama unahitaji kushona mamia ya picha. Na kabla ya picha kuna kazi: kukata vipande vya nanomita 50 hadi 100 kwa kisu cha almasi, tena kwa baridi kali kwa sababu poliisoprini ni mpira na haikatiki ikiwa laini, kisha kuipaka osmiamu tetroksaidi ili upande wa poliisoprini uonekane mweusi. Kemikali hiyo mvuke wake unadhuru macho na mapafu, na bila kabati la kutolea hewa linalovuta kwa uhakika, usiiguse. Hilo la kabati likague wewe mwenyewe, kwa kipande cha karatasi nyembamba mlangoni, usitegemee kibandiko cha ukaguzi peke yake.

Hata hivyo kuna maswali ambayo ni yake peke yake. Tabaka zinapokutana kwenye mpaka wa punje mbili, zinajipinda kwa upole, zinakatika, au zinaungana kwa umbo la herufi V? Leza haijui wala haitajua. Kama hoja ya tasnifu yako ni kwamba mipaka ndiyo inayozuia ayoni, picha hizo ni lazima, na hapo gharama ina sababu.

Za kupitia haraka

Hadubini ya ncha, ile inayopapasa uso wa sampuli, inatoa picha nzuri za tabaka bila kemikali. Shida ni neno "uso". Poliisoprini hupenda kukaa juu, kwa hiyo tabaka za pale hulala sambamba na hewa, na punje unazoziona si za ndani. Kwa filamu nyembamba ni chombo bora. Kwa diski nene inakudanganya.

Hadubini ya mwanga yenye polaraiza ina bahati moja ambayo watu wa polima huisahau: wanajiolojia wanayo. Wanaosoma miamba hawafanyi kazi bila hiyo, kwa hiyo nenda ukabishe hodi kwa jirani. Kwa diski ya milimita 1 utaona ukungu tu, maana punje 200 zimepandana. Ikate hadi maikromita 10 na punje zinaanza kuonekana moja moja, ila hafifu, kwa ile asilimia 0.16 na kidogo. Inafaa kuhakikisha kwamba leza haijakudanganya.

Vya Dar

Mashine kubwa zinazohitaji ombwe na maji ya kupoza hazipendi umeme unaokatika. Leza ndogo, kamera na kitanuri vinakaa kwenye yupiesi (betri ya akiba) moja ya ofisini kwa muda wa kutosha kumaliza kipimo, au angalau kuhifadhi data. Hiyo pekee imebadilisha uamuzi wa watu wengi, na sioni aibu yoyote hapo.

Unyevu wa pwani ni adui wa pili. Lenzi na polaraiza zikikaa wazi miezi ya masika zinaota kuvu, na kuvu hutawanya mwanga kama punje. Ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli unayoikausha mara kwa mara. Sampuli za polietilini oksaidi zinavuta maji, na zikiwa na chumvi ya lithiamu ndiyo kabisa. Hizo zifungwe kati ya vioo viwili ndani ya sanduku kavu kabla hazijatoka kwenda mezani.

Usibane pesa kwenye polaraiza. Za filamu ya plastiki zinavujisha mwanga mwingi kuliko za fuwele, na punje zikiwa ndogo, mvujo huo unazidi ishara unayoitafuta. Pima giza lako kabla ya kila sampuli, uliandike. Vioo vya kushikia sampuli navyo viangalie: kioo kilichobanwa kwa skrubu upande mmoja kinageuza mwanga chenyewe. Kishikio hakihitaji kuagizwa nje. Fundi wa lathi Gerezani ukimpa mchoro wenye vipimo na kipande cha shaba nyeupe, anakuchongea kitanuri chenye tundu la mwale na nafasi ya kipima joto. Mwambie tundu la kutokea liwe pana kama koni. Likiwa jembamba, utakata mwanga wa pembe kubwa, na punje zako zote zitaonekana kubwa kuliko zilivyo.

Basi uchague nini

Unataka kujua punje zinakuaje kwa joto na muda, na polima yako ni ya tabaka au silinda, safi na angavu: leza, bila kusita. Peleka sampuli moja ya eksirei mwanzoni ili uwe na haki ya kusema "tabaka", kisha usiangalie nyuma. Pasha sampuli chini ya ombwe au naitrojeni, poliisoprini inaoza kwa hewa ya moto na utakuwa unapima kitu kingine.

Hujui mpangilio ni upi, au unashuku jairoidi: eksirei kwanza, na leza usiifungue hata kidogo mpaka jibu lirudi.

Hoja yako iko kwenye mipaka ya punje: hadubini ya elektroni, pamoja na leza ya kukupa wastani ambao picha haziwezi kukupa. Msimamizi akikubana uchague moja kwa ajili ya bajeti, chagua kwa kuangalia sentensi ya mwisho ya muhtasari wako. Ikiwa na neno "wastani", ni leza. Ikiwa na neno "mpaka", ni elektroni.

Na kama umekuja na polima ya kiwandani ya stairini-butadiini-stairini, ile ya soli za viatu na ya kuchanganya na lami, mambo yanagawanyika. Ikiwa bado ni chembe safi kutoka kwenye mfuko, iyeyushe kwenye toluini, iache ikauke taratibu iwe filamu, na leza itakufaa mradi ujue mpangilio wake kwa eksirei. Usiikandamize kwa mashine ya moto na kuipima hivyohivyo, kwa sababu mnyororo uliovutwa na kuganda unageuza mwanga hata pasipo punje yoyote. Ikishaingia kwenye lami, leza imekwisha kazi, lami ni nyeusi. Wenye barabara hutumia hadubini ya mwanga wa florisensi, ambapo polima iliyovimba kwa mafuta ya lami inang'aa manjano kwenye giza. Picha hiyo inaonyesha jinsi polima ilivyosambaa kwenye lami, na kwa barabara hilo ndilo linalotafutwa. Punje za ndani ya polima hazimo kwenye swali lao.